Kiti cha Baba

Leo nimepewa barua ya kukaimu ofisi hapa Tabora, na mwenzangu kaniletea masega ya asali ya kunipongeza. Chumba kizima kinanukia nta.

Baba alikuwa mrina asali, na kiti chake kilinukia hivyo hivyo. Baada ya mazishi yake, nikiwa bado mtoto, baba mdogo alikikalia.

“Mama, mbona amekaa hapo?”

“Anamkaimu baba yako.”

“Kumkaimu ndiyo nini?”

“Kumshikia nafasi mpaka arudi,” alijibu, huku akipepeta mchele.

Basi kila jioni nilikisugua kiti kwa nta, nikamwekea Baba maji ya kunawa kando yake. Siku ya nne baba mdogo alihamia mkekani. Mama aliona yote. Hakuna aliyeniambia niache.