Nguo Tano za Dada Yangu

Wiki jana nilikuwa natoka kumwona rafiki yangu kwenye maghorofa ya Soweto East nikakuta vijana wanapigana picha kando ya ukuta. Msichana mmoja alikuwa amevaa gauni juu ya suruali, shati la mwanaume juu ya gauni, na tai imefungwa kiunoni kama mshipi. Soksi moja nyekundu, nyingine kijani. Mwenye kamera akaniambia, "Mathe, pita tu, bado hatujaanza." Sikupita. Nilisimama pale na mfuko wangu wa maparachichi mpaka wenzake wakaanza kuniangalia, kwa sababu katika yule msichana mimi nilikuwa nimemwona dada yangu.

Ngoja nikueleze, maana sijawahi kulisimulia hili lote kwa mtu.

Tulikaa mtaa wa mabanda wa Kisumu Ndogo, Mama, Dada na mimi, chumba kimoja kwenye ploti ya milango minane. Asubuhi uliamshwa na harufu ya omena zikikaangwa na mlio wa kinanda cha kanisa la nyuma, ambalo lilifanya mazoezi wiki nzima bila kujua wimbo hata mmoja vizuri. Mama alifulia watu nguo huko mitaa ya wenye pesa, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ngumu zaidi. Kwa hiyo Jumamosi Dada na mimi tulienda kwa Kukhu, mama yake Mama, aliyekuwa na kibanda cha nguo Kawangware, kituo cha 46.

Kukhu aliuza mitumba, lakini si mitumba ile unayofikiria. Balo likifunguliwa, zile nguo za kwanza, safi, ambazo ni kama mwenyewe huko ng'ambo hakuwahi kuzivaa, wauzaji huziita kamera. Zinazobaki chini kabisa, zenye madoa, zenye vifungo vilivyokimbia, huitwa fagia. Kukhu aliishi kwa fagia. Alizibeba nyumbani, akaziloweka, akazishona kwa cherehani yake ya mguu iliyolia kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akazitundika. Zilizomshinda kabisa alitupatia sisi.

Hapo ndipo ufundi wa Dada ulipoanza. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mimi tisa. Ijumaa jioni alimwaga rundo lote kitandani na kulitazama kimya, amekunja uso kama fundi wa redio. Kukhu alikuwa amemfundisha jambo moja tu: tundu la hii lifunikwe na ile. Mengine aliyatoa kichwani mwake. Gauni lenye doa mgongoni likavaliwa chini ya shati. Shati lililochanika kwapani likawekwa chini ya kizibao cha suti. Kizibao kisicho na vifungo kikafungwa kwa utepe wa kiatu. Ukiitazama kila nguo peke yake ilikuwa takataka. Zikiwa zote mwilini mwake, watu waligeuka njiani. Wengine walicheka, ndiyo, lakini waligeuka. Tukifika 46, Kukhu alitutembeza mbele ya kibanda, kwenda na kurudi, huku akiwaambia wapita njia, "Muone wajukuu wangu! Muone hizo rangi!"

Mimi Dada alinivalisha kwa mikono yake mwenyewe. Hilo likumbuke.

Sasa, mwaka ule nguo zilikuwa zinaibwa kwenye kamba. Shuka, sweta za shule, hata soksi. Watu walianika na kukaa chini ya nguo zao kama wanaolinda maiti. Jirani yetu wa mlango wa buluu alikuwa ameumia kuliko wote. Alikuwa mjane mwenye binti wa rika langu, na katika wiki chache alikuwa amepoteza blanketi, sketi mbili, na jaketi la kahawia la huyo binti. Aliapa mbele ya ploti nzima kwamba atakayemshika atajuta kuzaliwa. Na si maneno matupu. Siku chache kabla, kijana mmoja alikuwa amepigwa karibu na reli kwa sababu ya mtungi wa gesi, na sisi watoto tuliona kiatu chake kikiwa kimebaki kwenye mawe siku mbili nzima, hakuna wa kukiokota.

Alhamisi ya wiki ile, nikitoka shule, upepo ulipiga kichochoro chetu ukaangusha blauzi moja mtaroni mbele ya miguu yangu. Ya manjano, yenye kola ndogo ya mviringo iliyodariziwa maua meupe. Niliijua. Ilikuwa ya binti wa mlango wa buluu, aliivaa kanisani. Niliiokota ili nirudishe. Naapa kwamba mkono wangu ulianza na nia hiyo. Lakini hapakuwa na mtu, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kuwa na kitu cha kamera. Niliiingiza chini ya sweta. Niliifua nyumbani kwenye karai na kuikausha chini ya godoro.

Jumamosi asubuhi niliivaa kwanza kabisa, ngozini, kabla Dada hajamaliza kunawa uso. Nilijua kitakachofuata: atanivalisha fulana, gauni, sweta ya mikono mifupi, na hakuna jicho litakalofika ndani. Alinivalisha akiimba. Alinifunga vifungo akanigeuza, akaniambia niko fiti. Yeye mwenyewe, juu ya suruali, alikuwa na nguo tano: fulana, gauni la maua, shati, kizibao, na juu ya yote jaketi la kahawia la kitambaa kinene chenye mistari. Kukhu alikuwa amempa Jumamosi iliyotangulia. Mimi, naapa tena, sikufikiria hata kidogo kuhusu rangi yake.

Tulifika kwenye kioski cha maji. Foleni ilikuwa ndefu, mitungi ya manjano mpaka barabarani. Jirani wa mlango wa buluu alikuwa katikati ya foleni. Alimtazama Dada, akatazama tena, na mtungi ukamtoka mkononi.

"Hiyo jaketi ni ya msichana wangu."

Dada alitabasamu, alidhani ni mzaha. "Hapana, mama. Hii nimepewa na Kukhu."

"Kukhu gani? Nimetafuta hiyo kitu wiki tatu! Kumbe wezi ni nyinyi, mnajivalisha manguo ovyo ovyo ndio tusijue!" Kisha akapaza sauti, na sauti hiyo bado naisikia. "Mwizi! Mwizi wa nguo ndio huyu!"

Kama umekulia huko, unajua neno hilo linafanya nini. Milango ilifunguka. Fundi wa viatu akainuka. Kinanda cha kanisa kikanyamaza. Kabla sijavuta pumzi mara mbili tulikuwa katikati ya duara, na mtu nyuma yangu alikuwa anasema, "Si ndio hao hutembea kama vinyago kila Saturday? Leo wamepatikana." Mwanaume mmoja akamshika Dada kola. Mwingine akasema watoto kama hawa hutumwa na watu wakubwa, achapwe aseme.

Mwenye kioski, mama mnene mwenye leso kichwani, alitoka akiwa na mpira wa maji bado mkononi, maji yanamwagika. "Hakuna mtu ataguza mtoto hapa kwangu! Jaketi ivuliwe, iangaliwe. Basi."

Dada alivua jaketi. Lakini duara lilikuwa limeshapata hamu. "Na hiyo nyingine!" "Vua tuone ziko ngapi!" Akavua kizibao. Akavua shati. Akavua gauni. Kila moja ilinyakuliwa na kuinuliwa juu, na kila moja, ikiwa peke yake angani, ilionyesha aibu yake: tundu la kwapani, doa la mgongoni, utepe wa kiatu badala ya vifungo. Watu walianza kucheka. Dada alibaki na suruali na fulana iliyotoboka begani, mikono ameikunja kifuani. Hakulia. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kola ya manjano inaniwasha shingoni kama moto. Nilikuwa na neno moja la kusema. Ni mimi. Nilijua kwamba nikilisema watamwacha, na nikajua watakachonifanyia mimi. Sikusema kitu.

Jirani alikuwa anapekua jaketi. Alitafuta kwenye kola jina la binti yake, aliloandika kwa kalamu. Hakuna jina. Akageuza mkono wa jaketi nje ndani, na hapo kila mtu akaona: Kukhu alikuwa ameushonea bitana ya gunia la unga, herufi bado zinasomeka. Binti wa mlango wa buluu hakuwahi kuvaa gunia. Mama yake alishika ule mkono kwa muda, akaushusha.

"Si yetu," alisema polepole. "Zinafanana tu."

Kicheko kilikatika. Lakini yule mwanaume aliyemshika Dada kola hakutaka kwenda nyumbani bure. Akanielekezea kidole. "Na huyu mdogo? Huyu naye amevaa ngapi?"

Jirani aligeuka, macho yake yakaanza kunipanda kutoka miguuni. Kabla hayajafika shingoni, Dada alikuwa amechukua jaketi mkononi mwa jirani na kunivika mimi, haraka, kama mtu anayemfunika mtoto baridi. Alifunga vifungo vyote. Cha juu kabisa alikikaza mpaka nikakohoa.

"Mdogo wangu anatetemeka," alisema. "Tunaenda kwa Kukhu."

"Waende," mwenye kioski akasema. "Imetosha! Foleni isonge!"

Tulitembea. Dada alibeba nguo zake kwa mkono, hakuvaa hata moja. Tulipanda, tukavuka barabara ya Ngong, tukapita nyua za wenye nyumba kubwa, na kwa zaidi ya saa nzima alisema jambo moja tu: "Usifungue hicho cha juu."

Kukhu alijua tu alipotuona. Alituingiza nyuma ya pazia la kibanda, akamsikiliza Dada akieleza kuhusu jaketi. Kisha akaja kunifungua vifungo. Alipofika kwenye kola ya manjano mikono yake ilisimama. Nilieleza yote huku kamasi zinanitoka. Hakunipiga. Alinivua ile blauzi, akaipiga pasi ya makaa, akaifunga kwenye gazeti. Akatupa mhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na hakuna aliyekula.

"Utairudisha wewe," aliniambia. "Dada yako atakaa hapa. Nitakufikisha mpaka hapo kwa kioski, halafu mlango utabisha mwenyewe."

Sikumbuki njia ya kurudi. Nakumbuka rangi ya mlango, jinsi buluu yake ilivyobanduka karibu na kitasa. Jirani alifungua. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimeiokota mtaroni, na ingekuwa nusu ya ukweli. Nikasema, "Nilichukua."

Alifungua gazeti. Aliona. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: alitazama kichochoro huku na huku, akanivuta ndani kwa mkono, akafunga mlango na komeo.

"Nani anajua?"

"Kukhu na Dada."

"Usiwahi sema hii kitu kwa hii ploti. Unanisikia? Usiwahi." Akaketi kitandani. "Mimi nilipiga tu kelele. Nilikuwa na hasira. Sikujua watakuja wengi hivyo. Wangemuua mtoto wa watu nikiwa naangalia." Akajifunika blauzi usoni akalia, na binti yake akatoka nyuma ya pazia kutushangaa sisi wawili.

Ikaisha hapo, kwa nje. Mama aliambiwa kuhusu jaketi, hakuambiwa kuhusu blauzi. Nguo ziliendelea kuibwa, na mwizi wa kweli hatukumjua kamwe. Lakini Ijumaa iliyofuata rundo lilikaa kwenye kona. Na iliyofuata tena. Dada alianza kuvaa sketi moja na blauzi moja, za rangi zisizosema kitu. Kukhu alimwita mara nyingi, akamwekea vitambaa vizuri, hata vya kamera, Dada akavikunja na kuvirudisha. Kukhu tulishamzika kwao magharibi, na pale alipokuwa na kibanda kuna duka la vioo na milango ya chuma. Jirani wa mlango wa buluu alihama kabla hata sijamaliza darasa la nane.

Dada ni mpishi wa shule huko Kawangware. Mwaka huu, tukichambua sukuma wiki jikoni kwake, hatimaye nilimwomba msamaha. Nilimwambia nimeishi na ile siku, jinsi nilivyosimama nikanyamaza akivuliwa mbele ya watu.

Aliendelea kuchambua. "Uliona mimi nakuangalia?"

"Niliona."

"Nilikuwa naomba Mungu usifungue mdomo. Ni hiyo tu nilikuwa naogopa, kwamba utanionea huruma useme."

"Kwani ulijua?"

"Si mimi ndiye nilikuvalisha asubuhi? Niliona kola. Nikaona vile umeipenda, nikafunga vifungo. Nilidhani hakuna mtu ataona ndani."

Nilimwuliza kwa nini basi aliacha kuvaa, kama hakuwa na kinyongo na mimi. Alilikunja jani la sukuma mara mbili.

"Waliziinua moja moja," alisema. "Zikawa matambara kweli. Nikajaribu tena hiyo Ijumaa mkiwa mmelala, nikaona matambara tu."

Kisha akainuka kuangalia sufuria, akaniuliza kama nyumbani kwangu maji yanakuja siku hizi.