Jumatano za Kukhu Mjini Kitale

Mwezi uliopita nilikwenda Kitale na binti wa dada yangu kumnunulia vitu vya shule. Anaingia Gredi ya Kumi, shule ya bweni, na orodha aliyopewa ilikuwa ndefu ajabu: sanduku la bati, blanketi mbili za rangi moja, ndoo yenye kifuniko, raba nyeupe. Tulizunguka madukani tangu asubuhi, na kufikia saa saba tulikuwa tumemaliza. Jua lilikuwa kali. Akaniuliza, "Anti, sasa tufanye nini?" Nikamwambia twende nikuonyeshe mahali.

Mahali penyewe ni hoteli moja ya zamani, ukitoka katikati ya mji kidogo, yenye ua wa michongoma. Askari wa getini alitusimamisha.

"Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu. Tunataka kuona bwawa la kuogelea tu."

Alitutazama kuanzia viatuni hadi kichwani, kama watu waliokuja kuiba. "Bwawa gani, madam? Hapa hakuna bwawa. Hapa ni parking."

Nilichungulia juu ya bega lake. Kweli, pale palikuwa na kokoto na magari matatu. Katika pembe moja tu ndipo ilipobaki mistari miwili ya vigae vya buluu, imechomoza katikati ya nyasi. Nilisimama nikiviangalia mpaka yule askari akaanza kukohoa.

Ndipo nilipomkumbuka Kukhu. Kwetu Bungoma hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya, na huyu ninayekusimulia ni mama yake baba yangu.

Nilikuwa na miaka kumi. Kila likizo ya Agosti nilipelekwa kwake, karibu na Mabanga, nikamsaidie kazi. Babu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na shamba lote la mahindi, kuanzia barabarani hadi kwenye kijito, lilikuwa limebaki kwa jina la Kukhu. Hilo la jina nilikuja kulielewa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba kazi yangu ni kuteka maji, kufagia boma kabla umande haujakauka, na kuchambua mrenda na majani ya kunde ya chakula cha jioni. Kukhu alipikia kuni. Hata leo nikisikia harufu ya mahindi mabichi yakichomwa namwona ameketi kwenye kigoda, mkono mmoja ukigeuza hindi, mwingine ukikanda goti. Magoti yalimtesa sana. Alitembea na fimbo, na kanisani, alikokuwa kiongozi wa akina mama, walikuwa wamemruhusu kuimba akiwa amekaa.

Likizo hiyo alianza kwenda Kitale kila Jumatano, nami akanichukua. Sasa wewe unajua, Bungoma maduka yapo. Kuna nini kisichouzwa Bungoma? Kitale ni safari; upite Webuye, upite Kiminini, ndipo ufike. Kwa nini Kitale? Swali hilo sikulifikiria mimi. Aliyeniletea ni baba mkubwa.

Baba mkubwa alikuwa mtoto wa kwanza wa Kukhu na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua wetu. Baada ya safari yetu ya kwanza aliniita nyuma ya zizi la ng'ombe, akanipa soda na nusu mkate.

"Wewe uko na macho mazuri," akaniambia. "Mkienda tena, angalia kila mahali Kukhu anaingia. Anaongea na nani, anashika nini. Ukirudi uniambie mimi peke yangu."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu wa Kwanza, kule kupita Kitale, anazunguka huku akinunua mashamba ya wajane. Na Kukhu yako si amezeeka? Mtu anaweza kumzunguka hivi hivi tu, aweke sahihi, tukose pa kulala sisi wote."

Nilikunywa ile soda nikijiona mtu mzima. Kuanzia siku hiyo sikumwona tena Kukhu kama nilivyokuwa nikimwona. Kila alichofanya nilikigeuza nikitafuta upande wake wa pili.

Na vya kugeuza vilikuwa vingi. Tukifika mjini hakuwa na haraka hata kidogo. Alipenda kuingia duka baada ya duka, anagusa sufuria, anauliza bei ya taa, anashukuru, anatoka. Kwenye maduka ya pembejeo, yaliyonuka mbegu na dawa, alizamisha mkono wote kwenye gunia la maharagwe kama mtoto anayecheza. Mimi nilikuwa nyuma yake nikihesabu: huyu amemsalimia, huyu hakumsalimia. Katika duka moja la vitambaa mama fundi alimchukua nyuma ya pazia. Niliwasikia wakinong'ona, halafu wakacheka hadi wakashindwa kupumua. Kukhu alitoka na kifurushi kimefungwa kwa gazeti.

"Ni nini hicho, Kukhu?"

"Ni kitambaa. Usimwambie mtu."

Kitambaa! Nani anaficha kitambaa?

Halafu kulikuwa na jambo la maji. Alinipeleka chini ya mji, kwenye daraja, ambapo vijana walikuwa wakijirusha mtoni uchi bila haya, tukasimama muda mrefu mpaka nikaona aibu. Kukhu aliuliza tu, "Hapo katikati kina kinafika wapi?" Wakamwonyesha kifuani. Akatikisa kichwa, tukaondoka. Siku hiyo hiyo alinisimamisha kwenye seng'enge ya shule moja ya wenye uwezo, iliyokuwa na mafunzo ya likizo, tukaangalia watoto wakiogelea mpaka mwalimu wao akaja kutufukuza. Mimi nilikuwa nimesikia hadithi za watu wanaoshughulika na mapepo ya majini, na usiku nilijifunika blanketi hadi kichwani. Kumbe baba mkubwa anaogopea shamba, mimi naogopa mabaya zaidi.

Mwishowe tukaishia kwenye ile hoteli. Kukhu alinikalisha kwenye meza ya nje, akaniagizia chipsi na soda, akaniambia nisiondoke hapo. Mwanamume mmoja mwenye ndala na filimbi shingoni alikuja kumlaki kwa mikono miwili. Kwenye kaunta walimfungulia kitabu kikubwa. Kukhu akavaa miwani, akaweka sahihi. Niliiona kwa macho yangu. Kisha yeye na yule mwanamume wakaingia mlango wa nyuma.

Alikaa huko karibu saa nzima. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, nikadhani amelia. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelowa shingoni, na alinuka kama dawa ile ya kufulia nguo nyeupe. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba fimbo alikuwa ameibeba kwapani. Alitembea hadi stendi bila kuiteremsha, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mvua ya Kitale ya saa kumi ilitunyeshea, yeye akacheka tu. Nilijiambia, huyu amepewa kitu akanywa.

Jumatano tatu mfululizo tulikwenda pale hotelini, na mara tatu nilirudi nikasimulia nyuma ya zizi.

"Ameweka sahihi?" baba mkubwa aliuliza.

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Alijishika kichwa.

Jumapili, baada ya ibada, walikusanyika sebuleni kwa Kukhu. Walikuwepo baba mkubwa, shangazi aliyetoka Bungoma mjini, na mzee wa kijiji aliyeitwa kuwa shahidi. Mimi niliketi karibu na mlango nikiwa nimevaa gauni langu la kanisani. Kukhu alidhani wamekuja kumsalimia. Alikuwa tayari ametenga chai.

Baba mkubwa hakugusa kikombe. "Mama, huyo mtu wa Kwanza amekupa nini?"

"Mtu gani wa Kwanza?"

"Yule unakutana naye hotelini Kitale. Mama, tunajua. Umeweka sahihi mara tatu."

Kukhu aliweka birika chini polepole. "Nani amewaambia?"

Baba mkubwa alinitupia jicho, mara moja tu, na Kukhu akalifuata lile jicho hadi kwangu. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako.

Akasimama, akaegemea fimbo, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na ule mkoba wake wa safari. Alitoa vazi jeusi, zito, lenye mikono hadi kwenye viwiko na sketi hadi magotini, bado lina unyevu, akalitandaza juu ya meza mbele ya mzee wa kijiji, kati ya vikombe.

"Hii ndiyo niliwekea sahihi," akasema.

Mzee wa kijiji aliinama kuliangalia. "Hii ni nini, mama?"

"Ni nguo ya kuogelea. Daktari aliniambia magoti yangu yanataka maji, nijifunze kuogelea. Ukiingia pale lazima uandike jina na uweke sahihi, ndiyo wajue ni nani ameingia. Yule mwanamume ni mwalimu. Nikiwa ndani ya maji sisikii magoti. Nusu saa nzima, sisikii."

Shangazi ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo. Kisha kicheko kikamkauka. "Ati kuogelea? Mama! Na wanaume? Mjane, kiongozi wa akina mama kanisani?"

"Si ungetuambia tu," baba mkubwa akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Hofu ya shamba ilikuwa imemtoka, na mahali pake palikuwa panaingia kitu kingine. "Sasa watu wakisikia, watasema aje?"

"Ningewaambia, mngenikubalia?"

Mzee wa kijiji alivuta kikombe chake, akasema chai inapoa. Wakanywa. Wakaanza kuongea juu ya mahindi, kama yatavunwa mapema mwaka huo. Lile vazi lilibaki pale mezani muda wote, hakuna aliyelisogeza, na kila aliyetaka sukari alipitisha mkono juu yake.

Jumatano iliyofuata Kukhu hakwenda Kitale. Wala nyingine. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo. Sijui lile vazi alilipeleka wapi, na nitakwambia ukweli unaoniuma: sikuwahi kumwona akiogelea hata siku moja. Nilijua alikoingia, alikotoka na aliyemsalimia. Kile alichokwenda kukifanya sikukiona.

Aliendelea kunipenda. Alinichomea mahindi, alinisuka nywele, alinishonea pindo za sare. Ila akiwa anaongea na mtu nikaingia, maneno yalikatika. Akitoka, hakuniambia anakokwenda. Mkoba wake, ambao zamani nilikuwa natumwa niuchokore nimtolee miwani, alianza kuufunga kwa zipu. Kwenye nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja asiyemshuku yeyote, na mimi ndiye niliyemfundisha kushuku.

Bwawa limefukiwa, na sasa pale kwa mama fundi wanauza vifuniko vya simu. Hayo hayanisikitishi sana. Mji ni mji. Ninachokitafuta nikipita Kitale ni yule mama aliyekuwa akizamisha mkono kwenye gunia la maharagwe huku ananiangalia akicheka, kabla hajajua kwamba macho yangu yanafanya kazi ya mtu mwingine.

Nilipopata kazi Bungoma mjini, yeye alikuwa ameshazeeka kabisa, anatembezwa kwa kushikwa. Nikasikia kuna bwawa limefunguliwa, lenye ngazi na vyuma vya kujishikia, na saa maalumu za akina mama peke yao. Nilikwenda Mabanga siku hiyo hiyo. Nilimkuta kivulini ubavuni mwa nyumba, nikachuchumaa mbele yake, nikamshika magoti yote mawili.

"Kukhu, nataka nikupeleke kuogelea. Mimi na wewe tu. Nitaingia nawe majini."

Macho yake yalikuwa na ukungu lakini yalinipima, kwanza uso, halafu mikono yangu, halafu kule nilikotokea, kama kuna mtu amesimama nyuma ya ua.

"Nani amekutuma?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Nikarudia, hakuna, Kukhu, ni mimi tu. Akanipapasa shavu kwa upole, akasema niingie ndani, kuna chai kwenye thamosi.