Kadi ya Ungo

Mume wangu Kasian hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu walioandika kwamba ni mwizi walijua kuandika kuliko mimi. Mimi herufi nilizipata kanisani, kiangazi kimoja tu, na zinanitosha.

Alizaliwa upande wa Iringa, akaja Rujewa, huku kwetu Usangu, kijana kuchunga ng'ombe wa watu, tukaoana. Mali hakuwa nayo, maneno mengi pia hakuwa nayo. Alikuwa na jicho. Ng'ombe akimwona mara moja hamsahau. Mnadani watu walimjaribu, wanamtajia ng'ombe aliyeuzwa miaka mitatu nyuma, naye anawaambia mtoto wake yuko zizi gani.

"Umemjuaje, Kasian?"

"Anavyotembea. Mama yake alikuwa anavuta mguu hivyo hivyo."

Mwaka 1955 akaja Mzungu na utafiti wake. Alitaka ng'ombe ajulikane kwa madoa yake tu, bila kuchomwa chapa ya moto. Ng'ombe anapigwa picha ubavuni, picha inabandikwa kwenye kadi yenye namba, halafu Mzungu analaza juu yake karatasi ya miraba inayoonyesha kilicho chini yake. Anahesabu miraba iliyoangukia doa, anaandika. Alisema iko siku hata mtu ambaye hajawahi kuona ng'ombe, hata mashine, itamtambua. Kasian alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Mzungu alilipenda jicho lake, akamwajiri wahesabu miraba pamoja. Akanunua ng'ombe, akatugawia wafugaji tuwatunze. Maziwa yetu, ng'ombe wa utafiti. Ukiuza ni kesi.

Sisi tulipewa jike mweupe, ana doa jeusi la duara bega la kulia, kubwa kama ungo. Nikamwita Ungo. Bega la kushoto alikuwa mweupe tupu.

Siku ya picha yake Kasian alikuwa amelala na homa. Akaja Othmani, mpiga picha wa Iringa mjini, watu wake wa pwani, kanzu safi, anaruka mavi kama mbuzi.

"Mama, mgeuze. Tunapiga upande wa kushoto."

"Hageuzwi."

"Wenzake wote wamegeuzwa."

"Hao si wangu."

Kwetu ng'ombe anakamuliwa kulia. Tangu ndama anajua mtu anakaa kulia, ukimjia kushoto anakupa teke. Basi nikamshika pembe kwa mkono wangu wa kulia, huu usio na kidole cha mwisho, kilichukuliwa na kamba ya dume nikiwa msichana. Nikamwambia apige hapo hapo au aende zake.

"Wabishi kama wewe, mama, ndio wanaharibu kazi za watu."

"Piga, kanzu inachafuka."

Akapiga.

Miaka miwili ile Kasian alibadilika. Siku moja nilimwuliza ng'ombe wa jirani anachechemea nini. Akasema hakuona, alikuwa anamwangalia madoa. Haikunipendeza.

Mwaka 1957 Mzungu akapita kukagua na sanduku lake la kadi. Kadi yetu inaonyesha doa bega la kushoto. Ungo amesimama pale, kushoto mweupe, doa liko kulia. Akamzunguka mara mbili.

"Kasian, huyu siye. Wangu umemuuza, ukatafuta wa kufanana naye."

"Bwana, ni yule yule."

"Na kadi?"

Kasian akaishika kadi, akaiangalia sana. Miraba ile aliihesabu mwenyewe. Hakupata la kusema, na mtu mwenye jicho kama lake akikosa la kusema, kila mtu anamwona mwongo.

Kortini Kasian alisema mke wake ndiye aliyemshika ng'ombe, naye anasema picha ilipigwa kulia. Hakimu akawaonyesha watu kadi: ng'ombe anaelekeza kichwa kushoto kama wenzake wote, angepigwa kulia kichwa kingeelekea kulia. Akamtuma karani kwangu. Nilikuwa nimekaa barazani, nje ya korti.

"Mama Damari, hakimu anasema uingie uiangalie picha."

"Sihitaji."

"Angalia tu, mama. Pengine utaona kitu."

"Nimemkamua ng'ombe huyu miaka miwili. Hiyo karatasi yenu imemkamua siku gani? Mwambie nimesema ng'ombe ni yule yule, na neno langu linatosha."

Karani akarudi ndani. Kasian alifungwa mwaka mmoja. Alipotolewa kortini alinipita pale barazani, akasema, "Mama Damari, Ungo usimwache ajae maziwa." Hakujua kwamba walikwisha kumchukua.

Alipelekwa Iringa, kwenye baridi. Mwezi wa nane kifua kikamuua. Watu wa gereza walimzika wenyewe. Nilipofika nilipewa shati, kaptula na rozari.

Nikapita dukani kwa Othmani, nilitaka kumtukana. Akanipa pole, akaingia nyuma, akatoka na picha ya Ungo, alikuwa amebaki nayo moja. Ndiyo mara ya kwanza naiona. Mtu aliyemshika wamemkata pichani, umebaki mkono tu umeshika pembe, nao hauna kidole cha mwisho. Nikauweka wangu juu yake. Haukulingana, dole gumba liliangukia upande mwingine. Nikauweka wa kushoto. Huo ulilingana, lakini wa kushoto vidole vyake vyote vipo.

"Huu ni mkono gani?" nikamwuliza.

Akaangalia mkono wangu, akaangalia picha. "Mama, Bwana alitaka wote waelekee upande mmoja, ndiyo miraba yake ikae sawa. Wako peke yake alielekea kule. Nikaigeuza filamu wakati wa kusafisha, kulia kukawa kushoto. Niliona ni ng'ombe tu."

Kasian aliishika kadi ile siku ile, na mkono ule aliujua kuliko ng'ombe wote wa Usangu. Lakini alikuwa amefundishwa kuangalia doa, akaangalia doa.

Nikarudi na picha mpaka korti ile ile. Mzungu alikuwa amekwisha kwenda kwao. Karani alikuwa yule yule. Nikamwekea picha mezani, nikaweka na mkono wangu kando yake, nikamweleza. Aliangalia muda mrefu, huku na huku. Akaelewa, nilimwona.

Akanisogezea picha yangu.

"Mama Damari," akasema, "siku ile nilikuita."