Vidole Gumba vya Watu wa Mtongwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa amri na mabwana wawili. Mwenyekiti wa tawi, mzee aliyekuwa amestaafu ukarani wa mahakama, aliniita pembeni kabla sijakaa akaniambia kila barua itokayo makao makuu Nairobi ipite kwake kwanza, Katibu asiione. Tulipokwisha kunywa chai, Katibu, aliyekuwa mwalimu wa misheni, naye akanivuta mkono hadi mlangoni. Akaniambia kila barua ipite kwake kwanza, Mwenyekiti asiione. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Rabai na cheti changu cha upigaji chapa, nikadhani huo ndio utaratibu wa ofisi. Laiti ningevaa viatu vyangu siku ile ile nikarudi kwetu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, hapo unapopanda kutoka kwenye feri upande wa Likoni. Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vya Hitla vimekwisha, na Chama (nitakiita hivyo tu, wenye kukijua wanakijua) kilikuwa kimefungua matawi nchi nzima kudai haki za Mwafrika. Watu walikipenda kwa dhati. Mpagazi wa bandarini aliyetoka bara na mama mkulima wa Bofu walikaa benchi moja mlangoni petu wakingoja zamu, na wakitusalimia kama watu wa maana. Mkiniuliza nyinyi vijana mnaosema siasa haijawahi kuaminika, nawajibu: iliaminika. Niliona kwa macho yangu, na niliona pia ilivyochezewa.

Kazi ya karani wa tawi ilikuwa na mambo yake. Nilipiga chapa barua kwa karatasi ya kaboni, ile nyeusi inayowekwa katikati ili upate nakala mbili kwa pigo moja. Niliandika muhtasari wa mikutano, na nilihesabu akidi, yaani idadi ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ndipo uamuzi uwe halali. Lakini kazi niliyojivunia ilikuwa ya kuchukua alama za vidole. Wengi wa watu wetu hawakusoma, hivyo ombi kwa serikali lilitiwa kidole gumba badala ya sahihi. Si kazi ya kukurupuka. Unamfuta mtu jasho, unalaza kidole juu ya pedi ya wino bila kukandamiza, halafu wewe mwenyewe unakishika na kukiviringisha juu ya karatasi kutoka ukucha hadi ukucha, mara moja tu. Ukikirudisha, mistari inavurugika. Kando unaandika jina lake, la babake na mtaa wake.

Desturi yetu ilikuwa ombi kuandikwa kwenye karatasi yake, na vidole kwenye karatasi nyingine tupu, kisha zote zikabanwa kwa pini kwenye pembe. Nilifundishwa hivyo na Mwenyekiti mwenyewe. Alisema ni usafi wa kazi. Mimi nikafuata, wala sikuuliza pini inatoka kwa urahisi gani.

Wakati wa vita, kipande cha mashamba ya watu upande wa Mtongwe kilichukuliwa kwa kazi ya jeshi. Vita vilipokwisha ikatangazwa kwamba wenyewe wanaodai kurudishiwa walete ombi kisiwani, kwenye ofisi ya serikali ng'ambo ya feri, kabla ya siku fulani, likiwa na vidole vya wakazi. Likichelewa au likija bila vidole, basi, ardhi haitarudi. Mkutano wa tawi ukanipa mimi kazi hiyo. Nilikwenda Mtongwe kwa miguu siku nne mfululizo na pedi yangu mfukoni, nikajaza karatasi tisa.

Wa kwanza kabisa alikuwa Bi Mwanasiti, mjane aliyekuwa na minazi yake na kaburi la mumewe ndani ya kile kipande. Wengine walikuwa wakimtazama yeye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambia, dole langu hili lenda wapi?"

"Kwa serikali, bibi, pamoja na ombi la mashamba."

"Haliendi kwengine?"

"Haliendi kwengine. Naapa."

Akaupangusa mkono wake kwa leso, akanipa. Kilikuwa kidole kigumu cha mtu aliyelima maisha yake yote, na alama yake ilitoka safi kuliko zote. Baada yake watu wakapanga foleni.

Nilizibana karatasi nyuma ya ombi nikaziweka kwenye mtoto wa meza, tayari kuvukishwa. Hapo ndipo uchafu ulipoanza. Mwenyekiti alitaka sahihi yake iwe juu, Katibu akasema ombi aliliandika yeye. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kumbe nyuma ya hayo kulikuwa na jambo kubwa zaidi: makao makuu walitaka mjumbe mmoja wa kutoka pwani akakae Nairobi kwenye halmashauri kuu ya Chama, na kila mmoja wao alikitaka kiti hicho kufa na kupona.

Asubuhi moja, ikiwa imebaki siku moja tu kufikia mwisho, nilifungua meza nipeleke ombi mwenyewe, wagombane wakipenda. Nililikuta ombi peke yake. Pembeni lilikuwa na matundu mawili ya pini. Karatasi zote tisa hazikuwapo. Kabla sijapumua, posta ikaleta barua ya makao makuu, nikaifungua. Waliuliza kwa mshangao imekuwaje wapokee barua mbili kutoka Likoni, moja ikisema wananchi wanamtaka Mwenyekiti awe mjumbe na hawana imani na Katibu, nyingine ikisema wanamtaka Katibu na hawana imani na Mwenyekiti, na zote mbili zimeambatana na vidole vya watu wa Mtongwe. Katibu alikuwa amechomoa karatasi tano. Mwenyekiti alipogundua, alichukua nne zilizobaki.

Nilimfuata Mwenyekiti alikokuwa akinyolewa.

"Mzee, vile vidole vilikuwa vya mashamba!"

"Karani, punguza sauti. Hayo ni mambo ya uongozi, wewe huyajui."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Watatia vingine. Vidole wanavyo."

Nawaandikia maneno yale kama yalivyosemwa, kwa sababu mpaka leo yananichoma. Nikamwendea Katibu, mtu wa kuongoza sala kila Jumapili. Yeye hata hakukana. "Watu walikitilia Chama vidole," alisema, "na Chama bila mimi ni nini?" Nikamwambia ni mwizi. Ndilo neno la kweli nililopata kulisema katika ofisi ile, na nasikitika tu kwamba sikulisema kwa Mwenyekiti pia.

Nilikimbia hadi Mtongwe na karatasi mpya. Bi Mwanasiti alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Nilipotoa pedi, akauficha mkono ndani ya leso.

"Dole n'likupa, mwanangu. Liko wapi?"

Sikuweza kumwambia. Nilisema limepotea, atie jingine. Akatikisa kichwa. Waliokuwa wakimtazama nao wakaondoka mmoja mmoja, bila tusi, bila kelele. Nilipata vidole saba, vitano vya jamaa wa nyumba moja. Kesho yake nilivuka feri na vidole saba. Karani wa kule kisiwani alihesabu, akaniuliza kijiji kizima kina watu saba? Ombi halikupokewa.

Kiti cha Nairobi hakuna kati yao aliyekipata, akapewa mtu wa mji mwingine. Nilidhani wangeona haya. Haikufika mwaka niliwakuta kwenye harusi wakila sinia moja, Mwenyekiti akimkatia Katibu nyama, wanacheka. Walikuwa wameungana kumpinga mtu wa tatu. Mashamba ya watu yamepotea, wao wameshapatana! Sikula harusi ile.

Nilihama. Nilifanya kazi Changamwe katika chama cha wafanyakazi, chini ya msimamizi mkali asiyejua mzaha, kisha Kisauni kwenye ofisi ya ushirika mpaka nilipostaafu. Kote huko nilikuwa na ukaidi mmoja uliowaudhi wakubwa. Kila karatasi ya vidole niliandika juu yake, kwa wino, ni ya jambo gani, na nilimsomea mtu kwa sauti kabla sijamshika mkono. Wakubwa walilalamika nachelewesha kazi. Niliwaacha walalamike. Nilipaswa kufanya hivyo tangu Mtongwe, na kutofanya kwangu ndiko kulikowapa wale wawili nafasi. Kosa hilo ni langu.

Juzi walinijia vijana wa siasa, wanataka niwaandikie sifa za Mwenyekiti na Katibu, watu wasomewe kwenye mkutano kwamba hao ni mashujaa wa Likoni. Niliwaambia nitaandika, nao wakashukuru. Haya ndiyo niliyoandika, wakipenda wayasome.

Limebaki jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kabla sijahama Likoni nilikwenda kwa Bi Mwanasiti nimweleze ukweli. Nilimkuta akifunga vyombo, anahamia kwa kakake Bofu. Nikamweleza yote: Mwenyekiti alifanya hivi, Katibu akafanya vile, hawa ndio waliokudhulumu, bibi, si mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja mkeka.

"Hao mimi siwajui, mwanangu," alisema. "Hawajafika hapa. Alokuja akanishika mkono ni wewe."

Akajitwika mzigo wake. Niliomba nimbebee, akakataa.