Kompyuta ilimweka mama kundi la wanaopotea njia, kosa likawa langu

Wakuu, salaam. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe, na kwa sehemu kubwa yananiumbua. Chekeni tu.

Nafanya kazi ya data hapa Arusha. Kuna mradi tunatumia machine learning kwenye Alzheimer's, huu ugonjwa wa kusahau wa wazee.

Si wa aina moja, jamani. Kuna anayeanza kwa kupoteza kumbukumbu. Mwingine maneno yanamkimbia. Mwingine macho mazima, ila ubongo haupangi anachokiona, anapotea hata njia ya kwake. Kompyuta inasoma majibu ya vipimo, inawaweka pamoja wanaofanana.

Mama yangu yuko Ngaramtoni na ng'ombe wake wanne. Alishaanza kusahau, daktari akathibitisha, mwenyewe akakubali kuingia kwenye mradi.

Majibu yakatoka: kundi la tatu. Wa kupotea njia.

Nilinyong'onyea. Kaka yangu mkubwa anakaa Njiro, na yule hana subira. "Mama anahamia kwangu, ng'ombe wauzwe. Siku akitokomea tutasema nini?" Wiki hiyo hiyo mnunuzi akapatikana.

Mama hakugomba. Alilia tu. Sikuwahi kumwona analia, hata kwenye msiba wa baba.

Jumamosi nikaenda kumbembeleza. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa. Nikafungua laptop nimwonyeshe alichochora, maana kwenye kipimo mzee anaambiwa achore uso wa saa na mishale yake.

"Yeyo," (ndiyo mama kwa Kimaasai) "uliambiwa uchore saa kumi na moja na dakika kumi."

"Si ndiyo hiyo?"

"Mshale mfupi umeuweka kwenye tano."

Akanitazama kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Sasa saa kumi na moja mshale unakaa wapi, baba? Saa hiyo mimi nakamua."

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke!

Fomu ya kipimo ilitoka nje ya nchi, na aliyeitafsiri ni huyu huyu anayewaandikia. Wenyewe walitaka mshale kwenye 11, ambayo kwetu ni saa tano. Mimi nikaandika kumi na moja, huyoo nikasonga mbele. Wastaafu wa mjini waliohojiwa kwa Kiingereza wakapata. Waliohojiwa kwa Kiswahili wakachora saa sahihi kabisa, tukawapiga sifuri. Kompyuta masikini ikaona sifuri zimejaa, ikadhani imegundua ugonjwa. Kumbe imegundua watu wanaojua saa.

Jumatatu nikakiri mbele ya timu. Tukasahihisha upya, kundi la tatu likabaki na wachache ambao kweli ndiyo shida yao. Mama akahamia kundi la kumbukumbu, hatua za mwanzo. Daktari akamwona tena, akasema abaki kwake, ila binamu yetu ahamie pale awe karibu. Kaka akampigia mnunuzi, biashara ikafa.

Nilichojifunza: mashine ikikuambia jambo kuhusu mzee wako, kaa naye kwanza umuulize alijibu hivyo kwa nini. Mimi nilimaliza miezi naangalia namba zake, sikumuuliza hata siku moja.

Bado anaumwa, siwadanganyi. Jana kaniuliza mara tatu kama nimeoa. Nikamjibu mara tatu kwamba nina mke na watoto wawili, na mara zote tatu amepiga vigelegele.

Wenye wazee wa hivi nyumbani, nyie mnaishi nao vipi? Na mnaotaka kunisema kwa ile tafsiri, karibuni, nimeshazoea.