Jina Walilolifuta Wanaume wa Mtakatifu Yosefu

Pantaleo, fundi seremala wa kigango kimoja karibu na Ushirombo, ana miaka sitini na nane. Ukimuuliza habari za chama chao, Wanaume wa Mtakatifu Yosefu, huanza na mvua za mwaka 1998. Mjamzito mmoja alifia njiani akipelekwa zahanati kwa baiskeli. Juma lile lile Pantaleo na rafiki yake Deusdedit walichonga machela ya mninga. Wanaume tisa wakaapa mbele ya Paroko kwamba mgonjwa yeyote watambeba, awe Mkatoliki au asiwe.

Walibeba wengi. Deusdedit alishika mbele daima, maana alijua kila kivuko cha mbuga iliyo kati ya kigango na zahanati.

Kisha dhahabu ikamwita. Alikwenda kuchimba upande wa Geita, na huko akachukua mwanamke mwingine, ilhali alikuwa na ndoa ya kanisani na Violeth. Mwaka 2011 Pantaleo, ambaye tayari alikuwa mwenyekiti, alisimama kikaoni akataka jina la rafiki yake lifutwe. Deusdedit mwenyewe alikuwapo, amekaa nyuma.

"Nifuteni," alisema. "Ila akitokea mgonjwa, niiteni."

Hawakumwita hata mara moja.

Machi mwaka juzi alirudi kwa Violeth, kifua kimeharibiwa na vumbi la mawe. Mvua ilikuwa imekata barabara. Gari halikupita, na juu ya bodaboda hakuweza kukaa. Alhamisi asubuhi Violeth alifika karakana ya Pantaleo, miguu imejaa tope.

"Shikamoo, Baba Agatha."

"Marahaba, Mama Ignas. Mwenzetu anaendeleaje?"

"Hapumui vizuri. Naomba wanaume waje wambebe."

Ufunguo wa stoo ya machela ulikuwa mfukoni mwa Pantaleo. Alishika randa yake, akatazama ubao.

"Huyu si mwanachama tena," akasema. "Jumapili tuna kikao. Nitalifikisha."

Violeth aliaga, akaondoka.

Jumamosi Deusdedit alizidiwa. Nasibu, Mwislamu jirani yao, aliwakusanya vijana wa mnadani wakambeba juu ya kitanda cha kamba. Alikata roho kabla hawajavuka mto.

Pantaleo alipopata habari alikimbilia stoo, akaja na wenzake watatu na machela ili warudishe mwili nyumbani. Violeth akasimama njiani.

"Huyu ameshabebwa. Mngembeba alipokuwa anapumua."

Mwili ulirudi juu ya kitanda kile kile, Nasibu akiwa mbele.

Jumapili, kikaoni, Pantaleo alieleza yote bila kujitetea, akaacha uenyekiti. Kanuni ya kufuta majina iliondolewa siku hiyo. Padre alimuungamisha, akampa ondoleo la dhambi. Lakini anasema mpaka leo, akiwa kazini, humjia yale maneno yake mwenyewe: Jumapili tuna kikao. Angeweza kufungua stoo siku ile ile. Hakuna ambaye angemuuliza.

Alikwenda kwa Violeth kuomba msamaha. Violeth alimpa kiti, akamletea maji ya kunywa.

"Nimekusamehe, Baba Agatha," alimwambia. "Ila usije tena kwangu kwa jambo hili. Kila ukija, naiona Alhamisi ile."

Sasa wakikutana mlangoni mwa kanisa husalimiana vizuri, kisha kila mmoja hushika njia yake.