Ukuta wa Jikoni Ulisikia Kuliko Mimi

Nilipokuwa bado naongoza kwaya ya kanisa letu hapa Butembo, nilimfukuza dada yangu mdogo mbele ya waimbaji wote. "Uko chini ya noti," nilimwambia. "Sauti imezeeka, mama. Keti." Alifungua kitenge cha kwaya alichojifunga juu ya gauni, akakikunja, akakiacha kwenye benchi, akatoka.

Binti yangu, anayefundisha fizikia mjini Beni, alisikia habari hiyo alipokuja likizo. Hakunigombeza. Alichukua kopo la maziwa, akalikata pande zote mbili, akavuta mpira wa puto juu ya upande mmoja na kubandika hapo kipande kidogo cha kioo. Jua la dirishani liligonga kioo, nukta ya mwanga ikatua kwenye ukuta wa jikoni. Kisha akamwita shangazi yake.

"Papa, leo hapana kusikiliza," alisema. "Angalia tu."

Alinieleza kwamba sauti inasukuma hewa, hewa inasukuma mpira, na kioo kinacheza. Nukta inakuwa mstari. Sauti mbili zikilingana, mstari unatulia. Zikiachana kidogo, unarefuka na kufupika kama mtu anayehema.

Alibonyeza noti moja ya kinanda cha betri karibu na kopo. Dada yangu akaimba noti hiyo. Mstari ulitulia.

"Iko chini," nilisema.

"Yaya, unabishana na ukuta?" dada yangu aliuliza, akiniita kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Nikaimba mimi. Mstari ukaanza kuhema. Nikarudia mara tatu, ukahema tu. Masikio yangu ndiyo yaliyozeeka, na sijui ni wangapi niliowakemea bure.

"Hata ukuta umekuchoka," dada yangu alisema akicheka.

Nilimwomba msamaha. Akaacha kucheka.

"Ulinifukuza mbele ya batu bote. Sasa unaniomba jikoni?"

Alikuwa na haki. Jumapili iliyofuata nilisingizia mafua. Ya pili nilikaa kimya. Ya tatu nilisimama, nikakiri kosa, nikaacha uongozi. Lakini yeye alikuwa ameshapanda gari kwenda Kipese, kwa mtoto wake anayelima viazi. Maneno yote nililiambia benchi lake.

Najua yalimfikia. Hajajibu. Kitenge chake kiko kwangu. Mvua zikiwa nyingi nakianika kisiote ukungu, halafu nakikunja kama alivyokikunja yeye.